Hesabu Lita Kabla ya Kununua Pampu ya Joto

Pampu ya joto imeingia madukani kwetu na sentensi moja tamu: ukiipa uniti moja ya umeme, inakurudishia uniti tatu za joto. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini wapo wanunuzi ambao wakishaisikia hawaulizi tena kitu isipokuwa bei, na wapo wanaoikataa papo hapo kwa imani kwamba hakuna mashine inayotoa zaidi ya ilichopewa, kwa hiyo lazima ni utapeli. Wote wanakosea mahali pamoja. Wanaijadili mashine na kuisahau nyumba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Familia ndogo inayooga kwa shawa ya umeme, hasa Tanzania, isitarajie mashine hii ijilipe katika muda wa maana. Gesti, hosteli, zahanati yenye wodi, saluni kubwa au nyumba ya watu wengi ambayo tayari ina boila ya umeme inaweza kurudisha fedha yake na kubaki na faida. Kinachoyatenganisha makundi haya ni lita za maji moto yanayotumika kwa siku. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Inahitaji kalamu, karatasi na ukweli kuhusu namna mnavyooga.

Inavyofanya kazi

Kila mwenye friji anamiliki pampu ya joto. Friji huchota joto ndani ya kabati na kulimwaga nje, ndiyo maana mgongo wake huwa na moto ukiugusa. Pampu ya joto ya maji hufanya kazi ileile, ila hapa kinachotafutwa ni joto linalomwagwa. Ndani ya mabomba yake huzunguka gesi inayochemka hata kwenye baridi. Feni hupuliza hewa ya nje kwenye koili, gesi inapokea joto la hewa hiyo na kugeuka mvuke, kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto sana, kisha inapita kwenye koili iliyolizunguka tangi na kuyaachia maji joto lake. Ikipoa inarudi kuwa majimaji, inapita kwenye vali inayoipunguzia mgandamizo, na safari inaanza upya. Umeme unalipia kompresa na feni tu. Joto lenyewe limetoka hewani, na hewa haina mita ya LUKU.

Wala si mashine ya majaribio. Mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alieleza wazo lake mwaka 1852. Jengo la halmashauri ya jiji la Zürich lilifungiwa mtambo wa aina hii mwaka 1938. Wajapani walianza kuuza pampu za maji ya kuogea zinazotumia kaboni dioksaidi mwaka 2001.

Hata hivyo ile "moja kwa tatu" haikai mahali pamoja. Inategemea pengo kati ya joto la hewa inayochotwa na joto la maji unayoyataka. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzijoto moja inayoongezeka kwenye pengo hilo huongeza umeme kwa asilimia 2 hadi 3. Mchana wa Mombasa, hewa ikiwa nyuzijoto 30, mashine nzuri hutoa zaidi ya uniti nne kwa moja. Usiku wa Julai kule Njombe, hewa ikishuka karibu na nyuzijoto 5, inaweza kutoa mbili na nusu. Yaani inafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo maji moto hayahitajiki sana. Hilo lisimtishe mtu wa Njombe, Mbeya au Limuru, kwani baridi ya huko si kitu kwa mashine inayotumika katika majira ya baridi ya Norway na Sweden. Katika hesabu zangu nitatumia tatu kwa moja, kadirio la haki kwa miji yetu ya nyanda za juu.

Hesabu ya Ulaya na hesabu yetu

Mengi utakayoyasoma kuhusu mashine hizi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, na hesabu ya huko ina mwelekeo tofauti. Nchini Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila ya gesi ya bomba. Katika miaka hii ya karibuni uniti moja ya umeme kule imekuwa ikiuzwa kwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Boila nzuri ya gesi hupoteza kama sehemu moja tu ya kumi ya joto lake. Kwa hiyo pampu inayotoa tatu kwa moja inaweza kumwachia mwenye nyumba bili kubwa kuliko ile ya zamani, na inabidi ifike tatu na nusu au zaidi ndipo aanze kupumua. Serikali nayo iliweka ruzuku ya pauni 7,500 kwa nyumba za England na Wales. Ndugu zetu wanaomiliki nyumba London au Leicester waanze na swali la kuta, madirisha na ukubwa wa rejeta, kwa sababu pampu hupenda kusukuma maji ya uvuguvugu kwenye rejeta kubwa, na nyumba inayovuja joto huilazimisha kupandisha maji mpaka faida inayeyuka. Norway hali ilikuwa nyingine. Nyumba nyingi zilikuwa tayari zinapashwa kwa umeme, kwa hiyo kila pampu iliyofungwa ilipunguza bili mara moja.

Sisi katika suala la maji ya kuoga tunafanana na Norway kuliko Uingereza. Shawa ya umeme na boila ya umeme hutumia koili inayogeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, basi. Pampu ikishindana na koili hiyo haiwezi kushindwa kwenye matumizi, hata siku yake mbaya. Mwenye gesi ya mtungi naye ajipime. Kilo moja ya gesi hiyo ina joto la uniti 12.8 hivi. Hita ya gesi ikipoteza sehemu yake, unabaki na uniti kama 10 zinazoingia kwenye maji. Gawa bei ya kilo kwa 10, utapata bei ya uniti moja ya joto. Ukinunua kilo kwa shilingi 3,600 za Tanzania, uniti ya joto imekugharimu 360, bei ambayo, kama tutakavyoona, inalingana na ya umeme wa kawaida. Hapo pampu inaishinda gesi pia. Na hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilopitisha hewa huua watu kwa hewa ya kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo mahali pake ni nje.

Basi kwetu bili itashuka, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye bei ya kununua na kufunga. Mashine iliyofika kwa meli, ikatozwa ushuru, ikabebwa hadi mkoani na kufungwa na fundi bomba pamoja na fundi umeme, inapaswa kurudisha gharama hiyo yote kutokana na tofauti ya bili peke yake. Tofauti hiyo hukua kwa lita.

Kalamu na karatasi

Kanuni ni hii: chukua lita za maji moto, zidisha kwa nyuzijoto unazoyapandisha, gawa kwa 860. Jibu ni uniti za joto.

Tuchukue familia ya watu watano Arusha. Maji ya bomba yana nyuzijoto 18, wanaoga maji ya 40, kila mmoja anatumia lita 30 kwa siku, ndoo moja na nusu. Hizo ni lita 150 zinazopandishwa nyuzijoto 22. Mara 22 ni 3,300, gawa kwa 860, unapata uniti 3.84 kwa siku. Shawa ya umeme itatumia takribani hizohizo, sawa na uniti 115 kwa mwezi.

Bei ya uniti kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yule wa daraja la T1, ni shilingi 292. Ukiongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya wakala wa nishati vijijini (REA) na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati (EWURA), inafika shilingi 356. Maji moto ya familia hii kwa shawa ya umeme ni karibu shilingi 41,000 kwa mwezi.

Sasa waletee pampu yenye tangi. Tangi hupoteza joto hata likitulia, kwa hiyo ongeza uniti moja ya joto kwa siku. Jumla 4.84, gawa kwa tatu, unapata uniti 1.6 za umeme. Kwa mwezi ni uniti 48, shilingi kama 17,200. Wameokoa karibu shilingi 23,800 kwa mwezi, yaani 286,000 kwa mwaka. Tuseme wameandikiwa shilingi milioni 4 pamoja na ufungaji. Watahitaji miaka 14 kuirudisha, ilhali mashine ya namna hii hutarajiwa kuishi miaka 10 hadi 15 ikitunzwa. Hata bila kugusa riba ya mkopo wala gharama ya fundi, familia hii imenunua deni.

Badilisha jambo moja tu: badala ya shawa, walikuwa na boila ya umeme ya tangi, inayowaka mchana kutwa. Boila nayo hupoteza ile uniti moja ya ziada, na kila uniti hulipwa nzima. Matumizi yao ni uniti 145 kwa mwezi. Pampu itawaokolea uniti 97, shilingi 34,500 kwa mwezi, 414,000 kwa mwaka. Milioni 4 sasa zinarudi kabla ya miaka kumi. Si biashara ya kurukia, ila inajadilika. Na kabla ya kununua chochote wangefunga taima na kulivika tangi lao koti la sufi, kazi ya fedha kidogo inayowapa sehemu ya faida hiyo.

Wakenya wafanye hesabu hiyohiyo kwa bei yao. Pamoja na kodi na tozo, uniti kwa kaya ya matumizi ya kati huzunguka shilingi 30 za Kenya, ambayo ni ghali kuliko ya Tanzania ukizibadili. Uniti 67 alizookoa mwenye shawa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Umeme ukiwa ghali, pampu hujilipa mapema, kwa hiyo familia ya Nairobi inaweza kufikiria mashine ambayo ya Arusha ingeiacha.

Kuna tahadhari moja kwa Mtanzania wa daraja la D1, anayelipa shilingi 122 kwa uniti kwa sharti la kutovuka uniti 75 kwa mwezi. Uniti 115 za shawa zinamtoa kwenye daraja hilo. Hata 48 za pampu, ukiweka friji, pasi na televisheni, zitamtoa. Kwake yeye maji ya moto ya umeme wa aina yoyote yana gharama isiyoonekana kwenye hesabu ya hita, kwa sababu yanapandisha bei ya taa na friji pia. Huyu aende kwenye jua moja kwa moja.

Lita zikiongezeka

Tuhamie kwenye gesti ya vyumba 12 katika mji uleule. Kila chumba lita 50 kwa siku, jumla lita 600. Zidisha kwa 22, gawa kwa 860, unapata uniti 15.3. Shawa za umeme zitakula hizo zote. Pampu yenye tangi kubwa, tukiongeza uniti mbili za upotevu, itakula 5.8. Tofauti ni uniti tisa na nusu kila siku, shilingi 102,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka. Tuseme mtambo umegharimu milioni 9. Umerudi ndani ya miaka saba na kitu, na kama gesti ilikuwa inatumia maboila ya umeme, katika miaka sita hivi. Miaka inayobaki ni faida.

Gesti hiyo inapata na kingine. Shawa moja ya umeme huvuta kilowati 5 au zaidi kwa mkupuo. Wageni sita wakioga saa kumi na mbili asubuhi, jengo linahitaji kilowati 30 kwa wakati mmoja, na hapo ndipo breka hukatika na waya hupata moto. Pampu ya jengo kama hilo hupasha maji taratibu mchana, ikivuta kilowati chache tu. Kwenye nyumba ya familia mashine ndogo huvuta chini ya kilowati moja, kiasi ambacho hata inveta ya sola ya nyumbani inaweza kukibeba. Mwenye waya chakavu au laini dhaifu anapaswa kulipa jambo hili uzito uleule anaoipa bili.

Watunga kanuni nao wameiangalia lita. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 za kupasha maji kwa jua ziliyalenga majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Afrika Kusini mwaka 2011 iliweka kiwango cha ujenzi kinachotaka angalau nusu ya maji moto ya jengo jipya yapashwe kwa njia isiyo ya koili ya umeme, na pampu ya joto imo katika njia zinazokubalika pamoja na jua.

Jua lina haki ya kuulizwa kwanza

Hesabu ya pampu isiyoweka hita ya jua mezani ni hesabu ya muuzaji. Hita ya jua ya mirija ya kioo na tangi juu ya paa haina kompresa wala feni, haina umeme unaolipwa, na mara nyingi bei yake iko chini ya pampu. Kwa paa linaloona jua na simtanki lililo juu yake, mara nyingi ndiyo jibu la familia.

Udhaifu wake ni mawingu, na hapa ramani ina maana kuliko bei. Nairobi, Arusha na vitongoji vya Kilimanjaro hupata mawingu mazito Juni hadi Agosti, wakati uleule ambao kila mtu anataka maji ya moto. Hita ya jua huko hudhoofika inapotafutwa, na mwenye nyumba huwasha koili ya akiba iliyo ndani ya tangi. Iringa na Mbeya hali ni tofauti. Miezi hiyo ya baridi ndiyo ya kiangazi, usiku unauma lakini mchana jua hutoka, na hita ya jua hupata chakula chake. Kwa hiyo baridi peke yake haikupi jibu. Mkazi wa Mbeya mwenye paa zuri hana sababu ya kuiwaza pampu, wakati mwenye nyumba ya watu wanane Nairobi, paa likiwa limefunikwa na ghorofa la jirani, ana sababu nzuri. Wapangaji wa maghorofa wasio na paa lao wako pamoja naye.

Kwa mwenye paneli za sola za umeme, pampu na jua hufanya kazi pamoja. Weka taima iwashe mashine kati ya saa sita na saa tisa mchana. Paneli zinazalisha sana wakati huo, na hewa ndiyo yenye joto kuliko saa zote, kwa hiyo umeme ni wa bure na unahitajika kidogo. Hata asiye na paneli anafaidika na ratiba hiyo. Kuiwasha alfajiri ni kuipeleka sokoni saa ambayo joto la hewa limepungua.

Nyumba yako inaipokea?

Hesabu ikikubali, bado nyumba ina neno. Mambo manne huamua kama mashine itaishi miaka kumi au mitatu.

La kwanza ni umeme wenyewe. Kompresa huumizwa na umeme mdogo na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Bila kifaa cha kulinda, kile kile tunachofungia friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uingie tena, usiifunge. Waya wa ardhini uwe halisi, umepimwa, siyo kipande cha nondo kilichochomekwa kwenye kifusi. Kwenye kukatika kwa umeme pampu ina nafuu dhidi ya shawa: tangi lililofunikwa vizuri hubaki na maji ya kuogea mpaka kesho yake.

La pili ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya maeneo mengi ya Dodoma na pwani, hujenga magaga kwenye koili na kula chuma cha tangi. Tangi la chuma lililopakwa enameli hulindwa na fimbo ya magnesiamu inayokubali kuliwa badala yake, na fimbo hiyo hubadilishwa ikiisha. Muulize muuzaji inapatikana wapi. Akikuangalia kwa mshangao, umepata jibu. Suala jingine la maji ni afya: maji ya uvuguvugu yanayokaa muda mrefu hukuza bakteria wa legionella, kwa hiyo tangi lipandishwe hadi nyuzijoto 60 angalau mara moja kwa wiki. Kwenye zahanati na hosteli jambo hilo si la hiari.

La tatu ni hewa na mahali. Mashine inahitaji hewa nyingi, ukiifungia kabatini itavuta baridi yake yenyewe na uwiano wa joto kwa umeme utaporomoka. Inavuma kama kiyoyozi, kwa hiyo isikae chini ya dirisha la kulalia, lako au la jirani. Inadondosha maji, yatafutiwe bomba la kuyatoa. Inapuliza hewa ya baridi na kavu, ambayo kwa mtu wa pwani ni zawadi, maana anaweza kuielekeza stoo ya chakula. Mtu huyo wa pwani akumbuke pia kwamba hewa ya bahari hula mapezi ya alumini, basi adai yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, na ayaoshe kwa maji baridi mara kwa mara.

La nne ni fundi na gesi iliyomo. Mkataba wa Montreal uliongezewa marekebisho jijini Kigali mwezi Oktoba 2016 ya kupunguza hatua kwa hatua gesi za friji zinazopasha dunia. Gesi ya R410A, ambayo bado imo kwenye mashine nyingi, ina nguvu ya kupasha dunia mara 2,088 kuliko kaboni dioksaidi. R32 ni mara 675. R290, ambayo kwa kweli ni propani, ni mara 3 hivi. Gesi inayopunguzwa duniani itakuwa adimu na ghali, na mashine yako bado itakuwa inadaiwa miaka. Chagua R290 au R32 kama zipo, na uhakikishe fundi wako anajua kwamba R290 inawaka moto, na R32 nayo inaweza kuwaka, ili asije akalehemu bomba lenye gesi ndani.

Na baridi ya chumbani?

Msomaji wa Njombe au Limuru anaweza kusema shida yake ni sebule na si bafu. Huenda pampu anayo tayari ukutani. Viyoyozi vingi vya kisasa vinaweza kugeuza mwendo wa gesi na kupasha chumba badala ya kukipoza. Tazama rimoti, kukiwa na alama ya jua au neno la kupasha, unayo. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kwenye kazi hiyo kinaweza kutoa kilowati 2.6 za joto kwa kutumia chini ya kilowati moja, wakati hita ya koili ingelazimika kutumia zote 2.6. Angalia kabla ya kununua, kwani vinavyouzwa kwenye joto la pwani mara nyingi hupoza tu.

Ila nyumba zetu zilijengwa zipitishe hewa. Madirisha ya luva, mlango wenye upenyo chini na chumba kisicho na dari vitampa fundi sababu ya kukuuzia mashine kubwa zaidi, na utakuwa unaipasha barabara. Ziba nyufa, weka dari, tundika mapazia mazito, kisha pima kama bado unahitaji mashine. Familia nyingi zitagundua haziihitaji.

Uamuzi

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nikupe mipaka ya kuandika kwenye daftari lako. Kwa bei ya umeme ya Tanzania na baridi ya Arusha, nyumba inayotumia chini ya lita 200 za maji moto kwa siku iachane na pampu ya joto, inunue hita ya jua, au ibaki na shawa yake na kupunguza dakika za kuoga. Kati ya lita 200 na 300, majibu yanategemea unachokibadilisha: kama ni boila ya umeme na paa lako halioni jua, endelea, kama ni shawa, subiri bei ishuke. Zaidi ya lita 300 kila siku, mwaka mzima, omba bei. Kenya, ambako uniti ni ghali, mipaka hiyo inashuka kidogo.

Ukienda kuomba bei, usiombe moja. Omba ya pampu na ya hita ya jua yenye koili ya akiba, zote kwa lita zilezile ulizohesabu wewe. Dai maandishi ya mambo matatu: uwiano wa joto kwa umeme ukiwa umepimwa kwa hewa ya nyuzijoto 15 au chini yake na maji ya 55, muda wa dhamana ya kompresa na ya tangi kila kimoja peke yake, na jina la fundi aliye karibu nawe mwenye vifaa vya kuijaza gesi. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atayaandika yote matatu bila kusitasita. Asiyetaka kuyaandika, mwachie mashine yake dukani.